Barua ya wazi kwa wanaochagua vipimo vya damu vya tegu wa ubongo

Kwenu wakuu wa huduma za maabara, wajumbe wa kamati za manunuzi na waandishi wa miongozo ya tiba,

Salamu, na heshima zenu.

Ninawaandikia nikiwa upande wa ndani wa dirisha la maabara, pale sampuli zinapoingia na karatasi za majibu zinapotoka. Nimekaa hapo miaka mingi. Saini yangu iko kwenye karatasi nyingi nisizoweza kuzikumbuka, ila moja siisahau, na ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Kijana mmoja alikuwa ameanguka kifafa mara tatu, zote usingizini. Utotoni hakuwahi kuanguka. Daktari akaandika kwenye fomu: damu, kipimo cha tegu wa ubongo. Nikaizungusha chupa yake kwenye mashine, nikatenga seramu, yaani maji ya damu yasiyo na chembe, nikaiweka kwenye sahani ya vishimo 96 pamoja na za wenzake, nikaosha, nikaongeza rangi, nikasubiri. Vishimo viwili vya jirani vikawa vya buluu, na nilipotia asidi vikageuka njano. Chake kilibaki bila rangi, kama maji. Mashine ikasoma namba iliyo chini ya mpaka, nami nikaandika neno moja: HASI. Baba yake alipofika dirishani alilisoma, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akaniambia, "Kwa hiyo mwanangu, kichwani hamna kitu." Nikaitikia kwa kichwa. Foleni ilikuwa ndefu. Miezi saba baadaye picha ya CT ilionyesha kifuko kimoja cha tegu kwenye ubongo wa kijana yule, kimezungukwa na uvimbe.

Tulikagua kila kitu upya. Joto la jokofu lilikuwa sawa, vitendanishi havikuwa vimepitwa na tarehe, vishimo vya kulinganishia vilifanya kazi yake. Hakuna aliyeruka hatua. Karatasi ile ilimpotosha mzee wa watu huku kila aliyeigusa akiwa ametimiza wajibu wake, na hilo ndilo ninalowaletea. Kipimo kilichaguliwa na kamati. Fomu yenye nafasi ya neno moja ilichorwa ofisini. Mimi nilijaza.

Niruhusuni nimtaje kwanza mdudu mwenyewe, kwa sababu nimekaa kwenye vikao nikasikia watu wazito wakimchanganya. Taenia solium, tegu wa nguruwe, humwingia binadamu kwa njia mbili, na kila njia ina ugonjwa wake. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vifuko vya tegu mchanga huota tegu mzima utumbini: mkanda wa mita kadhaa, pingili kwa pingili, unaoweza kukaa humo miaka bila mwenyewe kuhisi jambo la maana. Anayemeza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu huyo, kupitia mikono, maji au chakula, ndiye anayepata vifuko kwenye misuli, machoni na ubongoni. Huyu wa pili si lazima awe amewahi kuonja nguruwe. Mwaka 1992 watafiti walieleza habari za wagonjwa wa namna hii katika jamii ya Wayahudi wa Orthodox mjini New York, watu ambao nguruwe kwao ni haramu. Maambukizi yalihusishwa na wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi ambako tegu huyu amezoea. Kwa hiyo fomu inayouliza kama mgonjwa hula nguruwe, ikaishia hapo, inapoteza wino. Nimezijaza fomu hizo pia.

Na si ugonjwa wa pembeni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo mengi yenye mdudu huyu, asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kwa sababu yake.

Sasa damu. Kipimo cha kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na mdudu, hakimwoni mdudu mwenyewe. Kinaona kwamba mwili umewahi kukutana naye, na mwili haukutani naye kwa kelele siku zote. Kifuko kilicho hai hujua kujificha. Hukaa ubongoni miaka kimetulia, na mara nyingi kifafa huja pale kinapoanza kufa na kinga kushtuka. Dixon na Lipscomb, Waingereza, walichapisha mwaka 1961 habari za wagonjwa 450, wengi wao askari waliowahi kukaa India. Kati ya maambukizi na dalili ya kwanza ilipita miaka 5 hivi kwa wastani, na kwa wengine muda ulirefuka kuliko huo mara kadhaa. Vifuko vikiwa vingi na hai, mwili hupiga kelele, na kipimo kizuri husikia. Kikiwa kimoja, au kikiwa kimekauka na kubaki chembe ya chokaa, damu inaweza kunyamaza kabisa.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1989 Victor Tsang na wenzake wa CDC, kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, walitangaza kipimo kinachojulikana kwa herufi EITB. Badala ya kusaga kifuko kizima na kumwagia seramu juu yake, walisafisha protini chache zenye sukari, wakazitenganisha kwa uzito na kuzihamishia kwenye ukanda mwembamba. Ukanda huo ukilowekwa kwenye seramu ya mgonjwa, mistari ya kahawia hujitokeza, hadi saba, kila mmoja mahali pake. Mstari mmoja unatosha kuhesabiwa chanya. Walipata kwamba kipimo kinawanasa wagonjwa 98 kati ya 100, na hakimsingizii mtu mwenye ugonjwa mwingine hata mmoja. Miaka miwili baadaye, 1991, ikatoka tathmini nyingine ya kipimo hichohicho, na hii wauzaji hawaiweki kwenye vipeperushi: kwa wagonjwa wenye vifuko viwili au zaidi kilinasa asilimia 94, kwa wenye kifuko kimoja asilimia 28.

Isomeni tena hiyo 28. Kijana wangu alikuwa na kifuko kimoja. Hata kamati ingeninunulia kipimo kinachosifiwa kuliko vyote, huenda ningeandika HASI vilevile, na baba yake angeshukuru vilevile. Ndiyo maana barua hii haiishii kwenye kununua.

Kule India, ambako wagonjwa wa kifuko kimoja ni wengi sana, madaktari kwa muda mrefu walikuwa wakiona kwenye CT doa dogo lenye uvimbe na kulihesabu kuwa kifua kikuu cha ubongo. Wagonjwa walimezeshwa dawa za kifua kikuu. Ni pale madaktari wa upasuaji wa Vellore walipoyatoa madoa hayo na kuyatazama kwa hadubini ndipo ikajulikana kuwa mengi yalikuwa tegu. Sasa mfikirie daktari aliye mbali na hadubini hiyo, ana picha yenye doa moja mkononi na karatasi yangu yenye neno HASI mezani. Karatasi yangu itamsukuma upande gani?

Upande wa pili wa shilingi nao una makovu. Mama mmoja alikuja na maumivu ya kichwa yasiyokwisha. Kipimo tulichokuwa nacho kilikuwa ELISA, kile cha sahani ya vishimo, cha antijeni ghafi. Antijeni ni kile cha mdudu ambacho kingamwili hukitambua; ghafi ni maji ya kifuko au kifuko kilichosagwa, chenye kila kitu ndani. Kishimo chake kikawa njano iliyokolea, karibu rangi ya chungwa. Nikaandika CHANYA, tena kwa kujiamini. Akaanzishiwa albendazole, dawa ya kuua vifuko, bila picha. Baadaye picha ya kichwa ikaonekana safi kabisa, na picha ya tumbo ikaonyesha ini lenye uvimbe mkubwa wa maji: tegu mdogo wa mbwa, Echinococcus. Mategu hawa ni ndugu, na antijeni ghafi ina mengi ambayo ukoo mzima unayo. Kingamwili za mama yule zilimtambua binamu. Nilicheka kwa uchungu nilipogundua kuwa dawa aliyopewa hutumika hata kwa ugonjwa wake halisi, ila si kwa muda ule, na uvimbe wa ini una taratibu zake ambazo hakuna aliyekuwa anazifuata, kwa kuwa hakuna aliyejua kama upo.

Hapa sitoi maoni yangu tu. Mwongozo wa vyama viwili vya kitaalamu vya Marekani, cha magonjwa ya kuambukiza na cha tiba ya nchi za joto, uliochapishwa 2018, unashauri EITB ya seramu kama kipimo cha kuthibitisha, na unasema wazi kuwa ELISA ya antijeni ghafi isitumike. Wazi kabisa. Na bado vifurushi vyake vinanunuliwa, vinafika vikiwa na barafu, na mtu kama mimi anasaini kuvipokea.

Kwa nini mpaka wa namba haumwokoi mtu? Fanyeni hesabu hii nyuma ya bahasha. Watu 1,000 wamepimwa bila kuchujwa, 20 kati yao wana vifuko ubongoni. Kipimo kinanasa wagonjwa 9 kati ya 10, na katika kila wazima 10 kinamsingizia mmoja. Wagonjwa walionaswa ni 18. Waliosingiziwa ni 98. Yaani katika karatasi 116 zenye neno CHANYA, chini ya moja kati ya sita ndiyo ya kweli. Chukueni kipimo hichohicho, msibadilishe hata kitendanishi, mkipeleke kwa watu 1,000 walioanza kifafa ukubwani, 300 kati yao wakiwa na vifuko. Walionaswa 270, waliosingiziwa 70. Sasa karibu karatasi nne kati ya tano zinasema kweli. Kipimo ni kilekile; kilichobadilika ni nani aliyepangwa kwenye foleni. Kwa hiyo agizo la "mpimeni kila anayeumwa kichwa", ambalo limewahi kubandikwa ukutani kwetu, ni kiwanda cha majibu ya uongo.

Kuna na suala la muda. Waswahili husema lisemwalo lipo. Kwenye kingamwili, lisemwalo huenda lilikuwapo likaondoka. Kingamwili zinaweza kubaki miaka baada ya kifuko kufa. Tena katika vijiji ambako tegu amezoea, wapo watu waliogusana na mayai, mwili ukayamaliza, na damu ikaonyesha alama kwa kitambo halafu ikafifia. Hawana na hawatakuwa na kitu ubongoni. Mgonjwa aliyetibiwa akirudi mwaka unaofuata na kupimwa kingamwili, huenda bado akawa chanya, na nimeona watu wakirudishiwa dawa kwa sababu hiyo tu.

Kwa swali la kama kifuko bado kiko hai kuna kipimo kingine, cha antijeni. Hiki hutafuta vitu ambavyo kifuko hai kinavitoa na kuvimwaga kwenye damu, kikitumia kingamwili maalumu za maabara. Jozi iitwayo B158/B60 ndiyo iliyotumika zaidi. Vifuko vikifa, kiwango hushuka. Kwa wagonjwa wenye vifuko vingi, hasa vile vinavyotanda nje ya nyama ya ubongo kama kishada cha zabibu, kiwango huwa juu sana, na kukifuatilia kunamsaidia daktari kujua kama dawa inafanya kazi bila kumrudisha mgonjwa kwenye mashine ya picha kila mara. Kwa kifuko kimoja nacho huweza kukosa. Sikukitaja ili mkinunue mkaache kingine. Nimekitaja kwa sababu kwenye orodha zenu zote nilizoziona vipimo hivi viwili vimewekwa mstari mmoja, "serolojia ya tegu", kana kwamba kinachouliza "je, mwili unamjua?" na kinachouliza "je, bado yupo?" ni kitu kimoja.

Basi niseme ninachoomba.

Kabla ya kusaini zabuni, muulizeni muuzaji antijeni yake ni nini: ghafi, iliyosafishwa, au iliyotengenezwa maabara kwa jeni? Akiwaambia "usahihi wa asilimia 95", muulizeni, kwa nani? Aliwapima wangapi wenye kifuko kimoja? Waliokuwa na vilivyokauka tu je? Alijaribu seramu za wagonjwa wa tegu wa mbwa? Muuzaji mzuri atakuwa na jedwali. Asiye nalo atawapa kalamu na kalenda. Na sisi wa maabara tupeni akiba ya seramu zilizothibitishwa kwa picha, pamoja na za wagonjwa wa tegu wa mbwa, tuzipitishe kwenye kila shehena mpya kabla mgonjwa hajaguswa. Kishimo cha kulinganishia kinachokuja ndani ya boksi kinathibitisha tu kwamba boksi linakubaliana na lenyewe.

Najua mtakachojibu kuhusu EITB. Protini zake za asili hutolewa kwenye vifuko vya nguruwe walioambukizwa, kuzisafisha ni kazi ngumu, na maabara zinazofanya hivyo ni chache duniani. Ni kweli. Ila tangu miaka ya 2000 zimeshatengenezwa protini za kuigiza, T24H ikiwa mojawapo, ambazo hazihitaji nguruwe na zimeonyesha uwezo unaokaribia ule wa ukanda wa asili. Kipimo cha haraka kinachotumia protini ya aina hiyo kimeshapelekwa kufanyiwa majaribio Zambia na Tanzania. Na wakati hayo yakiiva, si lazima kila maabara iwe na kila kitu. Seramu ikitengwa vizuri na kugandishwa husafiri. Maabara moja ya rufaa inayofanya kipimo sahihi, yenye watu wanaosoma ukanda kila wiki mpaka macho yao yamezoea, ni bora kuliko maabara ishirini zenye boksi la bei nafuu. Ninayesema hivyo ni mmoja wa wale ishirini.

Tena seramu inatosha. Bado napokea maji ya uti wa mgongo yaliyotolewa kwa ajili ya kipimo hiki tu. Kwa EITB, seramu hufanya kazi sawa na maji hayo au kuyazidi kidogo. Kama daktari ana sababu nyingine ya kuchoma mgongo, sawa. Kwa sababu hii, mwacheni mgonjwa na mgongo wake.

Fomu ya majibu ndiyo ninayoililia zaidi, na haina gharama ya kuitaja. Futeni kisanduku cha neno moja. Wekeni jina la kipimo na kinachotafutwa, kingamwili au antijeni. Kama ni ukanda, tuandike mistari ipi imetokea. Mtu aliyetoa mistari sita iliyokolea na aliyetoa mmoja hafifu wote leo wanaitwa CHANYA, ilhali utafiti umeonyesha kuwa mpangilio wa mistari unaendana na kinachoonekana kwenye picha: mistari ikiwa mingi, uwezekano wa vifuko vingi vilivyo hai ni mkubwa zaidi. Tunaiona mistari hiyo kwa macho yetu, halafu tunaitupa kwa sababu fomu haina pa kuiweka. Chini ya jibu hasi chapeni kwamba haliondoi uwezekano wa kifuko kimoja au kilichokauka. Chini ya jibu chanya chapeni kwamba bila picha ya ubongo dawa isianzwe.

Hilo la mwisho halina mzaha. Dawa ya kuua vifuko huvifanya vifie kwa pamoja, na uvimbe unaofuata unaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa, ndiyo maana hutolewa na dawa za kutuliza uvimbe. Ubongo ukiwa tayari umevimba kwa vifuko vingi, dawa hiyo haitolewi kabisa. Kikiwamo kifuko ndani ya jicho, kukiua kunaweza kuchukua na jicho lenyewe, kwa hiyo macho hukaguliwa kwanza. Hakuna tone la seramu linaloweza kumwambia daktari vifuko ni vingapi, viko wapi, au kama kimoja kiko jichoni. CT na MRI, mashine za picha, ndizo zinazosema, kila moja kwa ufundi wake: CT huona chokaa vizuri, MRI huona vifuko vidogo na vilivyojibanza. Najua mashine hizo hazipo kila mahali. Pasipokuwepo, karatasi ya damu iwe sababu ya kumpa mgonjwa rufaa, na fedha za boksi la bei nafuu ziende kwenye nauli yake.

Halafu kuna nyumbani kwa mgonjwa. Mwenye vifuko ubongoni alimeza mayai, na mayai yana mwenyewe. Mara nyingine mwenyewe ni mgonjwa yuleyule, mara nyingine ni mtu anayeishi naye. Kumpima kila mwanafamilia damu hakutamfichua. Tegu yuko utumbini, anatafutwa kwenye choo. Kwa hadubini tunamkosa mara nyingi, kwa sababu pingili na mayai havitoki kila siku, na hata yakionekana, mayai ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe hayana tofauti kwa macho. Kipimo cha antijeni ya kinyesi kinanasa wengi zaidi. Nimeshakiomba mara nne kwenye fomu ya mahitaji. (Na kwa kuwa tuko hapo: kopo lenye mayai haya ni hatari kwa anayelifungua. Glavu zinazochanika tukizivaa si jambo la kucheka.)

Anayepatikana na tegu utumbini anatibika kwa urahisi, na hapo nawaombeni waandishi wa miongozo muwe makini na dawa mnayoitaja. Praziquantel hufyonzwa na kufika ubongoni. Mtu mwenye vifuko asivyovijua anaweza kuanguka kifafa kwa mara ya kwanza baada ya kuimeza. Niclosamide hubaki utumbini. Kule Tumbes, kaskazini mwa Peru, ndiyo iliyotumika kutibu watu kwa wingi, huku nguruwe wakipewa dawa na chanjo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa katika vijiji 105 kati ya 107 hakukupatikana tena nguruwe mwenye vifuko hai. Vipimo vya damu vilikuwa na nafasi yake kwenye kazi ile. Havikubebeshwa mzigo usio wao.

Baba wa yule kijana bado huja dirishani. Kijana anatumia dawa za kifafa na hajaanguka kwa muda. Mwezi uliopita mzee alinijia na makopo matatu kwenye mfuko mweusi, kila moja limeandikwa jina kwa mwandiko wake: lake, la mkewe, la binti yake mkubwa. Alikuwa ameambiwa wapimwe nyumba nzima. Sikuwa na kipimo cha antijeni ya kinyesi, nikatumia hadubini. Mawili hayakuwa na kitu. La tatu lilikuwa na mayai, duara, ganda nene lenye michirizi kama miale.

Kwenye kisanduku kulikuwa na nafasi ya neno moja, nikaliandika. Kisha nikageuza kalamu pembeni na kuandika kwamba mayai haya ni ya Taenia, kwamba hadubini haiwezi kusema ni ya tegu yupi, kwamba kwa historia ya nyumba hii achukuliwe kuwa wa nguruwe mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwamba tiba inayofaa ni niclosamide, na kwamba makopo mawili yasiyo na kitu yarudiwe kwa sababu choo cha siku moja hakitoshi. Ukingo wa fomu yenu una upana wa sentimita mbili. Niliujaza wote, nikamalizia nyuma.

Wenu katika kazi,
Mtaalamu wa maabara